Mtoto wa miaka 10 kapimwa 124/82, mimi na baba yake wote tuna presha, karithi au mashine?

MamaRama (Mtwara mjini)

Habari zenu wadau, poleni na joto. Naombeni mnisaidie mawazo maana toka juzi silali vizuri. Mwanangu wa kiume, Rama, ana miaka 10, ndo tulikuwa tunamwandaa kwenda jando likizo hii ya Disemba, mjomba wake kashahangaika na kila kitu, mchele upo, mbuzi yupo, nguo za kutokea zimeshashonwa. Siku hizi kwetu mtoto anatahiriwa hospitali kwanza ndo anaingia kumbi kufundwa, kwa hiyo nikampeleka kituo kimoja cha afya hapa mjini sikitaji jina. Akapimwa uzito, kilo 46, akatolewa damu kidoleni, halafu kijana mmoja wa pale akachukua ile mashine ya betri ya presha akamfunga mkono mtoto akiwa kasimama, na ule mkanda ulikuwa mdogo umembana mpaka ukamwachia alama, mara ikaandika 124 kwa 82.

Akanigeukia. Mama una presha? Nikamwambia ninayo, toka mimba ya huyu huyu, nilivimba miguu na uso nikalazwa nikajifungua kabla ya siku zangu, na tangu hapo haijawahi kurudi chini. Baba yake je? Anayo, mwaka wa nne huu anakunywa vidonge. Akasema basi hapo hakuna cha kuuliza, mtoto karithi, hatahiriwi, nenda kaanze kliniki ya presha. Kanipa na kikaratasi. Dakika tatu hazikufika.

Sasa jamani babu yake Rama mzaa baba alianguka msalani na kiharusi na mimi nilikuwepo nyumbani siku ile, ndo maana nikisikia presha na jina la mwanangu vimetajwa pamoja mwili wote unakufa ganzi.

Kingine kinachonichanganya, ndani nina mtoto mwingine wa kulea, wa rafiki yangu aliyefariki, si ndugu kabisa, nimemchukua ana miezi minane na sasa ana miaka 11. Anakula chungu kimoja na Rama, analala chumba kimoja, tofauti yao huyu ni mwembamba kama fito. Jana niliwapeleka wote duka la dawa wakapimwa na mashine ya pale, mwembamba kapata 100 kwa 64, Rama 119 kwa 78. Chungu kimoja! Kama ni chumvi si wangepanda wote?

Na mama mkwe ndo kabisa, anasema kwanini tunahangaika, nikate nusu ya kidonge changu cha asubuhi nimpe, kama presha ni ya mama basi na dawa ya mama itamfaa. Sijampa. Ila sitawadanganya, jana usiku nilikishika kile kidonge mkononi nikakaa nacho.

Naombeni kujua, mtoto wa miaka 10 anaweza kuwa na presha kweli? Na jando niahirishe?

Mzee wa Kangomba

Dada hapo unajipa presha mwenyewe. Presha ni ugonjwa wa watu wazima na wenye madeni. Huyo mtoto kaambiwa anaenda kukatwa, unategemea moyo utulie? Hata mimi nilivyopelekwa jando mwaka 84 wangenipima wangeita gari ya wagonjwa. Mpeleke mtoto akafundwe, madaktari wa siku hizi kazi yao kuandika vikaratasi.

Bi Nesi Masasi

MamaRama mwanangu, kwanza hicho kidonge kirudishe kwenye pakiti na pakiti uiweke juu kabisa ya kabati. Mimi nimefanya kazi wodini miaka mingi, nimestaafu, na watoto waliopewa dawa za wakubwa nyumbani nimewapokea. Dozi ya mtoto inapigwa kwa kilo zake, na kabla ya dozi kuna swali la kama anahitaji dawa yenyewe, na wengi wao hawahitaji. Hujasema wewe unatumia kidonge gani, ila vile vya kundi la kaptoprili na losatani vikimkuta mtu ambaye mishipa ya figo zake zote mbili imebanwa vinaweza kuzizimisha figo. Na mtoto ambaye hajachunguzwa utajuaje mishipa yake ikoje? Mwambie mama mkwe kwa adabu, mama nimekusikia, lakini hapana.

Mzee wa Kangomba nusu umesema kweli nusu umepotosha. Kweli mtoto akiogopa presha inapanda, hata watu wazima koti jeupe la daktari linawapandisha. Lakini eti presha ni ya watu wazima tu, hapana baba. Watoto wanayo, ila huku kwetu hawapimwi. Mtoto anakwenda kliniki anapigwa mizani mpaka anachoka, mkono wake hakuna anayeugusa, anakuja kupimwa siku ya kuongezwa damu au ya upasuaji. Mwongozo uliotolewa mwaka 2017 na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani unasema mtoto kuanzia miaka 3 apimwe japo mara moja kwa mwaka.

Sasa twende kwenye kipimo chenyewe maana hapo ndo kuna kasoro nyingi. Mtoto alipimwa kasimama. Kosa. Anatakiwa akae kwenye kiti chenye mgongo aegemee, miguu ikanyage chini asiikunje wala kupishanisha, awe ameshakojoa, atulie kimya kama dakika tano hivi, asiongee na wewe usimwongeleshe, mkono wa kulia uwekwe juu ya meza usawa wa moyo. Halafu ule mkanda, sisi tunaita kafu. Watu wanadhani kafu ya mtu mzima ndo inampandisha mtoto presha, ni kinyume chake, kafu kubwa kuliko mkono inashusha namba na kafu ndogo inapandisha. Ule mpira wa ndani lazima uzunguke mkono robo tatu na zaidi, asilimia 80 kwenda juu, na upana wake ufike kama asilimia 40 ya mzunguko wa mkono. Wewe mwenyewe umesema ilimbana mpaka ikaacha alama, na kijana wako ana kilo 46 kwa miaka 10, huyo mkono wake si wa kafu ya watoto tena, anataka ile ya mtu mzima mdogo. Kwa hiyo 124 ile imeongezewa chumvi na kafu, na kusimama, na woga.

Lakini usishangilie mapema. Mtoto hana namba moja ya kukariri kama sisi wa 120 kwa 80. Wanaangalia umri, jinsia na urefu, mtoto mrefu anaruhusiwa namba kubwa kidogo kuliko mfupi wa umri wake. Kwa mtoto wa kiume wa miaka 10 kwenye jedwali fupi ya kuchuja ya mwongozo huo, akifika 108 kwa 72 anatakiwa aangaliwe vizuri. Sijasema ana presha, nimesema aangaliwe, hapo ndo unatoa ile jedwali ndefu ya urefu unasoma sawasawa. Hata ile 119 kwa 78 ya duka la dawa kwa umri wake siyo ya kuipuuza. Akishafika miaka 13 ndo anahesabiwa kama mkubwa, chini ya 120 kwa 80 sawa, 130 kwa 80 kupanda juu ndo presha.

Na hakuna anayeandikiwa ugonjwa kwa siku moja. Inatakiwa ipatikane juu siku tatu tofauti, na mara ya mwisho ipimwe kwa masikio, daktari na kifaa chake cha kusikilizia, maana hizi za betri kwa watoto zina tabia ya kuongeza. Mpeleke hospitali yenye kliniki ya watoto, hapo mjini mnayo Ligula na mnayo ya Kanda pale Mitengo. Uliza kabisa mlangoni, mna kafu ya saizi yake? Usione aibu.

Mtoto wa Mingoyo

Naomba niongee kama mtoto wa wenye presha maana hapa naona wanaongea wazazi tu.

Mimi ni wa Lindi, baba na mama wote presha. Baba alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, kwa hiyo chumvi nyumbani haikununuliwa, ilikuja kwa kiroba, na kitu kisichonunuliwa hakipimwi nadhani mnanielewa. Mama anapika anachota kwa kiganja. Ng'onda ndo mboga yetu ya siku nne kwa wiki, ile samaki imekaa kwenye chumvi imekaushwa juani, inachemshwa na nazi, halafu mama anaonja anasema mbona imepoa anaongeza chumvi juu ya chumvi. Hata ming'oko, ile mizizi ya porini, tulikuwa tunachovya kwenye chumvi na pilipili. Embe mbichi ndo usiseme.

Nikiwa na miaka 19 nilienda kupima afya nikaambiwa 150 kwa 96. Nilicheka. Nilikuwa nacheza mpira namba saba, sina kitambi, siumwi kichwa, nikawaambia rudieni, wakarudia siku hiyo, wakarudia wiki ya pili, wakarudia mwezi uliofuata, ikawa ile ile. Daktari mmoja mama mtu mzima akaniuliza ulipimwa lini mara ya mwisho, nikamwambia sijawahi. Miaka 19 sijawahi hata mara moja, na nyumbani mashine ya presha ilikuwa juu ya meza kila siku baba anajipima! Yaani mashine iko hatua tatu kutoka nilipokaa na hakuna aliyewaza kunifunga mimi.

Sasa nina 34, nipo kwenye vidonge. Sijui kama ilianza nikiwa na 10 kama Rama au na 15, haitajulikana tena. Ndo maana nakuambia dada usimsikilize anayesema hana kitu wala usimsikilize anayesema kaisha. Mpime. Mimi wanangu wawili, wa miaka 7 na wa miaka 4, nawapima mwenyewe kila mwezi wa kwanza shule zikifunguliwa, namba naandika nyuma ya daftari la kliniki. Mpaka sasa wako chini. Mke wangu ananicheka.

Shamba Letu Nachingwea

Jamani dawa zipo porini mnahangaika na kafu. Chukua choya ile nyekundu chemsha mpe glasi asubuhi na jioni, kitunguu saumu punje tatu, majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini kijiko kimoja kwenye uji. Siku ishirini na moja presha inasahaulika. Bibi yangu kaishi hivyo na hakuwahi kulala hospitali.

Bi Nesi Masasi

Shamba Letu, choya siwezi kuipinga, kwa watu wazima imepimwa na inashusha kidogo, na kama haina sukari ni kinywaji kizuri kuliko soda. Lakini umemwandikia mtoto wa watu dozi ya siku 21 hujui figo zake zikoje, tofauti yako wewe na mama mkwe wa kidonge ni ipi? Na bibi yako alijuaje presha imesahaulika kama hakupimwa?

Tabibu wa Kata

Nimechelewa kuuona huu uzi, nilikuwa zamu. Niko upande wa Newala, zahanati. Bi Nesi kamaliza habari ya kipimo, mimi niongeze mambo mawili, la kurithi na la kutafuta chanzo.

La kurithi. Mtoto harithi presha kama anavyorithi kundi la damu. Hakuna kinasaba kimoja cha presha, vipo mamia, kila kimoja kinasukuma kidogo sana, vingine vinahusika na jinsi figo inavyoishika chumvi, vingine na mishipa inavyokaza. Wataalam wanakadiria tofauti za presha kati ya mtu na mtu, kama asilimia 30 mpaka 50 zinatokana na kurithi. Zinazobaki ni uzito, chumvi, mwendo wa maisha, usingizi, hata jinsi mtoto alivyozaliwa. MamaRama ulisema ulikuwa na presha ya mimba na ukajifungua kabla ya siku, basi jua watoto waliozaliwa hivyo kwa wastani presha zao zinakuwa juu kidogo kuliko wenzao, si sana, na wale waliozaliwa na uzito mdogo vile vile. Mzazi mmoja akiwa na presha mtoto yuko kwenye hatari kuliko yule ambaye wazazi hawana, wakiwa nayo wote wawili hatari inapanda tena. Ila hatari si hukumu, wapo wenye wazazi wote wawili na wanazeeka presha iko chini.

Swali lako la chungu kimoja nimelipenda sana aisee, maana ndo swali wataalam walilojiuliza. Kule Kanada, Montreal, walichukua familia zenye watoto wa damu na watoto wa kulea, wanakula meza moja, wakapima wote. Watoto wa damu wakafanana presha na wazazi kuliko wale wa kulea. Kwa hiyo nyumba yako wewe ni utafiti mdogo. Chumvi ile ile ikiingia kwenye figo mbili tofauti haifanyi kazi sawa, kuna wanaoikojoa ikaisha na kuna inaowabakia na kuvuta maji, hawa wa pili kwenye familia za presha ndo wengi. Ila nikukumbushe, mwembamba alipimwa na kafu gani duka la dawa? Kama ni hiyo ya watu wazima iliyokuwa inampwaya, basi ile 100 yake inaweza kuwa imeshushwa. Naye umpeleke siku hiyo hiyo, usimwache nyumbani kwa sababu si wa damu.

La pili. Kwa mtoto mdogo, hasa akiwa chini ya miaka 6, presha ikiwa juu kweli cha kwanza tunatafuta ugonjwa uliojificha, na figo ndo mshukiwa namba moja. Kadiri anavyokua na uzito unavyozidi na wazazi wakiwa nayo, ndo inaelekea kuwa hii ya kawaida ya familia. Rama yuko katikati, kwa hiyo usikubali mtu akuambie "karithi" akafunga faili. Naomba unijibu haya.

Aliwahi kuvimba uso asubuhi au kukojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, hasa baada ya kuumwa koo au kuwa na vidonda vya ngozi? Anakojoa damu? Kichocho huku kwetu Lindi na Mtwara kipo, mtoto anaogelea bwawani anaona damu mwishoni mwa mkojo haambii mtu, kikiachwa miaka kinaweza kuziba njia ya mkojo na kuumiza figo. Anakoroma usiku? Anatumia dawa yoyote, hasa zile za pumu au za ngozi zenye steroidi, au dawa za mafua za kufungua pua? Na wakimpima waombe wapime na mguu, halafu daktari apapase mapigo ya kinenani, kuna watoto mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo umebanwa toka kuzaliwa, mkono unasoma juu na mguu unasoma chini. Kipimo cha mkojo cha kijiti ni bei ndogo tu, hata zahanati tunacho kikiwepo.

Jando naona umelishika sana. Mtoto asiye na dalili yoyote hafi kwa kusubiri mwezi, na jando la Juni lipo.

MamaRama

Asanteni sana, nimesoma yote mpaka mume wangu kaniuliza unasoma barua ya nani. Tabibu, uso hajawahi kuvimba, dawa hatumii, bwawani sidhani ila bahari ndo kwao. Kukoroma ndiyo, anakoroma kama bodaboda isiyo na bomba, toka ana miaka 5, na anaumwa matonsi kila mara. Nilikuwa najua ni unene tu. Kidonge nimekirudisha. Kesho naenda.

Mzee wa Kangomba

Hapo kwenye figo tofauti nimeelewa. Kumbe ndo maana kaka yangu anakula ng'onda kuliko mimi na hana kitu. Endeleeni.

MamaRama (wiki tano baadaye)

Nimerudi wadau, niliahidi.

Tulienda na watoto wote wawili. Siku ya kwanza tulikaa kwenye benchi muda mrefu, ila tulipoingia yule daktari, dada mdogo tu wa umri, alimkalisha Rama kwenye kiti akampa picha za kwenye ukuta aziangalie akamwambia usiongee mpaka nikuambie, akazunguka kufanya mambo yake. Akapima mzunguko wa mkono kwa tepu ya fundi cherehani, nikakumbuka maneno ya Bi Nesi nikatabasamu mwenyewe. Akabadilisha kafu mara mbili mpaka akapata inayokaa. Akapima kwa masikio, 118 kwa 74. Akapima mguu, akapapasa kinena, Rama anajikunyata anacheka. Mguu ulikuwa sawa.

Wiki mbili baadaye 114 kwa 72. Juzi mara ya tatu 113 kwa 70. Akachukua ile jedwali ndefu, akapima urefu wake, akasema ni wa kati kwa umri wake, kwa hiyo yuko kwenye mpaka, haijaitwa presha lakini si ya kusahau. Mkojo safi, hakuna damu wala protini. Dawa hajapewa. Turudi baada ya miezi sita, na kwa mwaka huu aangaliwe uzito usipande kwa kasi hii. Matonsi kasema ni makubwa kweli, kanipa barua ya kwenda kwa daktari wa koo, kasema kukoroma kule mtoto anakosa hewa usiku na hiyo peke yake inaweza kusukuma presha.

Mwembamba na kafu ya saizi yake kapata 102 kwa 66, mzima.

Kuhusu chakula daktari alinikataza kumpikia Rama peke yake, kasema mkipunguza mnapunguza wote maana wewe na baba yake ndo mnaihitaji zaidi. Mtu mzima chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, kile kijiko cha chai kilichosawazishwa, ikiwemo ya kwenye mkate na kwenye vidonge vya supu na kwenye zile tambi za pakiti, na mtoto chini ya hapo. Nilipofika nyumbani nikachukua kijiko nikapima tunachotumia kwenye sufuria moja la mchana. Sitaandika hapa. Ng'onda sijaiacha, siwezi, ila naloweka usiku kucha namwaga maji mara mbili, nachemsha namwaga tena, na mchuzi siuongezi kitu, nazi na ndimu na pilipili basi. Wiki ya kwanza mume wangu alikuwa anakula kama anayetumikia adhabu. Sasa kazoea, tulipoenda kwenye shughuli majuzi akasema pilau ya watu ina chumvi mpaka inauma ulimi. Korosho tunakaanga wenyewe bila chumvi, na hizo tunakula kidogo maana zina mafuta na Rama akipewa nafasi anamaliza sahani. Shuleni anaenda kwa miguu siku hizi, hela ya bajaji namwekea, anataka viatu vya mpira.

Jando tumesogeza mpaka likizo ya Juni. Mjomba wake alinuna siku mbili. Daktari alisema kwa namba hizi hata sasa hivi angetahiriwa tu, mimi ndo nilitaka kwanza matonsi yajulikane.

Mtoto wa Mingoyo

Safi sana dada. Umenifurahisha hapo kwenye kumpeleka na mwembamba. Na namba za Rama ziandike kwenye daftari moja, usiache kwenye vikaratasi, vikaratasi vinapotea na miezi sita si karibu. Baba yake na wewe vidonge mnaendelea? Maana presha ya mtoto isije ikawafanya mkasahau ya kwenu.

Bi Nesi Masasi

Hongera mwanangu. 118, 114, 113, unaona namba zinavyoshuka mtoto akizoea chumba? Ndo maana tunasema siku tatu. Huyo dada daktari ana mkono mzuri, ukirudi mpe salamu za wazee. Mama mkwe anaendeleaje na chakula hicho?

MamaRama

Tunaendelea na vidonge wote, sasa tunakumbushana na Rama ndo anasimamia, baba yake akijipima lazima naye afungwe.

Mama mkwe msiniulize. Mezani anakula anasifia, mboga tamu mwanangu, mboga tamu. Jana nafua kanga yake nikakuta kwenye pindo kafunga fundo, nikajua ni hela, nafungua ni chumvi ya mawe.